Sahani za Santuri katika Mizani ya Mnunuzi

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mkusanyo wa sahani za santuri unavyotayarishwa kwa ajili ya kuuzwa, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ijapokuwa ni ya sokoni, haitengani na kazi ya mwanahistoria. Wasomi wetu wamezoea kuzitafuta habari za pwani katika hati za kale, katika barua za wafanyabiashara, katika mashairi, na katika vinywa vya wazee. Sahani ya santuri haijapewa bado heshima ya kuitwa hati. Huhesabiwa kuwa chombo cha anasa, na chombo cha anasa kikichakaa hutupwa au huuzwa. Lakini sahani ina maandishi, ina alama za mikono iliyoishika, ina muhuri wa duka lililoiuza, na juu ya hayo ina sauti ya mtu. Ni hati chache zilizo na hayo yote kwa pamoja.

Jambo lililonisukuma kuandika ni hili. Mwaka 2016 mjomba wangu, aliyekuwa karani wa reli katika mji wa Tanga, alifariki dunia. Aliacha nyumba, mke, na makabati mawili ya sahani. Miaka mitatu baadaye paa la nyumba lilianza kuvuja, na mkaza mjomba akakata shauri kuuza sahani. Aliniita nimsaidie kuzitayarisha, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyehesabiwa mtu wa vitabu. Nilipomshauri kwamba mkusanyo kama ule ulistahili kubaki mahali pamoja kwa faida ya historia, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, historia haizuii mvua." Sikuwa na jibu, wala sidhani kwamba jibu lipo. Si haki msomi kumtaka mjane aihifadhi elimu ya watu wote kwa gharama ya kulowa yeye peke yake. Basi swali langu likageuka. Halikuwa tena swali la kuuza au kutouza, bali la namna ya kuuza, ili mwenye nyumba apate mabati yake na historia isipate hasara isiyo na fidia.

Kazi ya kwanza katika matayarisho ni kutenga. Tulihesabu sahani 318. Kati ya hizo, 121 zilikuwa nzito, nyeusi, za kuvunjika upesi kama vigae. 140 zilikuwa ndogo, zenye tundu pana katikati. Na 57 zilikuwa kubwa, nyepesi, zenye majalada ya picha. Mnunuzi hutenga hivi ili ajue bei. Mwanahistoria hutenga hivi ili ajue nyakati, maana kila namna ina zama zake.

Zile nzito ni sahani za lakiri. Thomas Edison alitengeneza chombo cha kunasa sauti mwaka 1877, lakini chombo chake kilitumia silinda. Emile Berliner ndiye aliyeleta sahani bapa, akapewa hati ya ugunduzi wake mwaka 1887. Baada ya majaribio ya vitu vingine, sahani hizo zilikuja kufyatuliwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe. Lakiri ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti, na sehemu kubwa ya utomvu huo ilitoka India. Sahani ya inchi 10, iliyozungushwa mara 78 kwa dakika, ilichukua muziki wa dakika tatu hivi kwa kila upande. Msomaji wa mashairi ataona mara moja maana ya kipimo hicho. Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kurudia beti kadiri ya furaha ya wasikilizaji wake alilazimika kuchagua beti chache na kuziacha nyingine. Kwa hiyo sahani si picha kamili ya uimbaji wa wakati wake. Ni ufupisho uliolazimishwa na ukubwa wa chombo, na mtafiti asiyelijua hilo aweza kudhani kwamba wazee wetu waliimba nyimbo fupi.

Kuwapo kwa lakiri hiyo katika makabati ya Tanga kunaeleza njia ya biashara ya bahari yetu. Calcutta ilikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani tangu mwaka 1908, na Bombay ilikuwa mahali pa kurekodia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikawa miongoni mwa za kwanza kuuzwa zenye nyimbo za Kiswahili. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 kampuni nyingine, kama Odeon na Columbia, nazo zilitafuta waimbaji wa pwani. Shaaban Robert aliuandika wasifu wa Siti, na wasifu huo unasomwa hata leo. Lakini wasifu hutueleza juu ya mwimbaji. Ni nani aliyekuwa msikilizaji? Ni nani aliyenunua, kwa fedha gani, na aliisikiliza pamoja na nani? Majibu ya maswali hayo hayamo katika wasifu. Baadhi yake yamo katika makabati ya watu.

Sahani za zama hizo zimebaki chache. Ni za kuvunjika, nazo ziliharibiwa na sindano za chuma zilizopaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja, ambazo wengi walizitumia tena na tena kwa kubana matumizi. Vita vya pili vya dunia navyo viliongeza uhaba. Nchini Marekani matumizi ya lakiri kwa sahani yalipunguzwa kwa asilimia 70 mwaka 1942, na watu waliombwa kutoa sahani kuukuu ili zisagwe na kufyatuliwa upya. Sauti moja ilisagwa ili nyingine ipate mahali pa kukaa. Kwa sababu hiyo sahani yoyote ya lakiri iliyovuka miaka ile na kufika kwetu, hata ikiwa na ufa, inastahili kutazamwa mara mbili.

Zile ndogo na zile kubwa ni za vinili. Columbia ya Marekani ilitoa sahani ndefu za mizunguko thelathini na tatu na theluthi mwaka 1948, na RCA Victor ikatoa zile ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949. Kwetu sahani za lakiri ziliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa baadaye, na mifano yake ilikuwamo katika kabati la mjomba: wimbo wa gitaa wa Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, ulikuwa juu ya sahani ya lakiri. Kisha vinili ikashinda. Nembo za Nairobi na Mombasa, kama Jambo na Mzuri, zilichukua mahali pa zile za India na Ulaya. Salum Abdallah na Cuban Marimba Band ya Morogoro walisikika hivyo mbali na mji wao, na baada ya kifo chake mwaka 1965 sahani zake ziliendelea kuchezwa.

Katika sehemu hii ya mkusanyo niliona jambo ambalo nisingeliona katika kitabu. Mjomba alikuwa na desturi ya ukarani: kila aliponunua sahani aliandika kwa penseli juu ya bahasha yake mwezi, mwaka na bei. Nilipozipanga bahasha za vinili kwa tarehe, zilifuatana vizuri tangu mwaka 1961 hata mwanzo wa 1977. Kisha zikakatika. Toka hapo hata mwisho wa 1983 zilikuwa nne tu. Sababu yake inajulikana: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hata mwaka 1983. Bendi za Tanzania zilitegemea viwanda vya Nairobi kwa kufyatua sahani zao, na wanunuzi wa Tanga walitegemea maduka ya Mombasa. Katika miaka hiyo watu wa upande wetu waliwasikia waimbaji wao wenyewe kwa njia ya redio, kutokana na kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Habari za mpaka nilizisoma nikiwa mwanafunzi. Lakini kuiona miaka sita katika umbo la pengo juu ya rafu, baina ya bahasha na bahasha, ni kuielewa kwa namna nyingine. Na pengo hilo lisingeonekana kama sahani zingalikuwa zimekwisha tawanyika.

Kazi ya pili ni kusafisha, na hapa nakiri kosa langu. Nilidhani uchafu ni uchafu na dawa yake ni moja. Nilichukua kitambaa chenye spiriti nikaifuta sahani ya kwanza iliyokuja mkononi, nayo ilikuwa ya lakiri. Uso wake ulififia mbele ya macho yangu, na mifuo ya mwanzo wa wimbo ikaharibika. Spiriti huyeyusha lakiri. Sahani ya lakiri hufutwa kwa maji safi kidogo na tone la sabuni laini, hukaushwa upesi, wala kibandiko chake cha katikati hakiloweshwi. Sahani ya vinili huvumilia zaidi, hata spiriti kidogo iliyozimuliwa kwa maji yasiyo na chumvi. Lakini haivumilii joto, wala kulundikwa moja juu ya nyingine, maana hupinda. Zote husimamishwa wima kama vitabu. Hizi ni kanuni ndogo, lakini asiyezijua aweza kuharibu kwa saa moja kitu kilichohifadhiwa kwa miaka themanini, tena kwa nia njema.

Kazi ya tatu ni kusikiliza na kupanga daraja. Sahani za lakiri zina mifuo yenye upana wa yapata mara tatu ya ile ya vinili, kwa hiyo kila namna hutaka sindano yake. Wafanyabiashara huzipanga sahani kutoka ile isiyoguswa hata ile isiyofaa. Hutazama mng'ao wa uso, mikwaruzo, kupinda, hali ya jalada, na maandishi ya mkono. Hilo la mwisho lilinishangaza. Jina la mwenye mali likiandikwa juu ya kibandiko, bei hushuka. Muhuri wa duka, bei hushuka. Tarehe ya penseli, bei hushuka. Kila alama inayomwambia mwanahistoria kwamba sahani hii ilikuwa ya mtu fulani, mahali fulani, siku fulani, humwambia mnunuzi kwamba sahani hii ina kasoro.

Nilipozipanga sahani za mjomba kwa kanuni hiyo, mpango wangu ulimchekesha mkaza mjomba. Zile nilizoziweka katika daraja ya juu hakuzikumbuka hata moja. "Hizo hazikuwa zikipigwa," alisema. "Alinunua, akasikia mara moja, akarudisha kabatini." Zile nilizoziweka chini kabisa alizitambua zote. Hii ilipigwa katika harusi ya dada yake. Hii iliazimwa barabara ya pili wiki nzima ikarudi na mkwaruzo. Hii ilichezwa kila Ijumaa jioni, na majirani wa kike walikuja na mikeka yao. Sahani moja ya lakiri aliyoirithi mjomba kwa mama yake ilikuwa imepasuka vipande viwili, na kibandiko chake kimefifia hata herufi chache tu za jina la mwimbaji zasomeka. Kwa mnunuzi haina thamani. Kwa mkaza mjomba ilikuwa habari ya mwanamke wa Tanga aliyeuza maandazi ili anunue sahani, kabla ya kuwa na chombo cha kuipigia, akaenda nayo kwa jirani.

Basi hilo ndilo neno ninalotaka kulisema kwa wanafunzi wetu. Soko hulipia sahani iliyo safi, na sahani iliyo safi aghalabu ni ile isiyopendwa. Mapenzi ya watu yameandikwa kwa uchakavu. Akitokea mtafiti baada ya miaka hamsini akaandika historia ya muziki wa pwani kwa kutumia sahani zilizosalimika katika mikusanyo ya matajiri peke yake, ataandika kwa uaminifu mkubwa historia ya nyimbo ambazo watu wetu hawakuzisikiliza.

Hata hivyo sitaki kuvuka mpaka wa haki. Sahani iliyochakaa hata isisikike haimsaidii mtafiti wa sauti. Anayetaka kujua jinsi udi ulivyopigwa au irabu zilivyotamkwa mwaka 1928 atahitaji nakala safi, na nakala hiyo huenda imesalimika kwa sababu ya mnunuzi wa mbali aliyeitunza katika chumba kikavu. Wanunuzi hao si maadui wa historia. Wengi wao wana maarifa ya nembo na namba ambayo sisi wa vyuo vikuu hatuna. Kosa halimo katika kununua. Limo katika kuuza bila ya kuandika kwanza.

Kwa hiyo kazi ya nne, ambayo kwa haki ingetangulia zote, ni orodha. Kwa siku kumi na moja tulikaa ukumbini, mkaza mjomba akisema nami nikiandika. Kwa kila sahani tuliandika nembo na namba ya kibandiko, majina ya waimbaji kama yalivyoandikwa pamoja na makosa yake, muhuri wa duka, maandishi ya mjomba, na mahali pa kila mkwaruzo mkubwa. Tuliandika pia namba iliyochongwa karibu na kibandiko, mahali palipokwisha mifuo, kwa sababu namba hiyo hubaki hata karatasi ikiondoka. Lakini namba hiyo ni ya toleo zima, si ya sahani moja. Ndiyo maana mikwaruzo huandikwa, kama vile alama za mwili zinavyoandikwa katika hati ya kusafiria. Mwisho wa kila sahani niliacha mistari mitatu kwa maneno ya mkaza mjomba. Mara nyingi mistari haikutosha.

Mnunuzi alitoka Ulaya. Alikuwa mtu wa adabu, na bei yake haikuwa ya dhuluma. Alichagua sahani 46 ndogo na 12 kubwa, karibu zote za daraja ya juu. Aliomba zitiwe katika bahasha mpya nyeupe, na zile za zamani zenye penseli akaziacha juu ya meza. Hapo niliona faida ya orodha kwa macho yangu, maana bila ya orodha zingebaki kwetu bahasha 58 zisizo na sahani, na kwake sahani 58 zisizo na habari, wala hapana mtu ambaye angeweza kuziunganisha tena. Nilimwomba mambo mawili: achukue nakala ya orodha, na atuletee nakala ya sauti za sahani alizozinunua. Alikubali yote mawili bila ya kusita, na sauti zikaja baada ya miezi miwili. Najua si kila mnunuzi atakubali. Lakini wauzaji wengi hawaombi, kwa kuwa hapana aliyewaambia kwamba laweza kuombwa.

Fedha zilitosha mabati na mbao, zikabaki kidogo za fundi. Makabati sasa yana sahani 260, nazo ni zile zilizokataliwa. Siku hizi nikienda Tanga mkaza mjomba hunitaka nimpigie mojawapo, naye huzitaja si kwa majina ya waimbaji bali kwa kasoro zao: ile inayoruka, ile yenye ufa pembeni, ile inayokoroma mwanzoni. Orodha ninayo, na nakala yake imo ndani ya kabati.

Namaliza kwa shauri kwa wenzangu wa vyuo vikuu. Hatuna fedha za kununua mikusanyo yote itakayouzwa katika miaka hii, wakati kizazi kilichonunua sahani hizo kinapoondoka duniani. Wala hatuna haki ya kuwaambia wajane wasiuze. Lakini daftari na kalamu tunazo, na wanafunzi wa kutumwa tunao. Mwanafunzi mmoja, kabla mnunuzi hajafika, akikaa siku kumi na mwenye nyumba ambaye bado anakumbuka, atahifadhi kitu ambacho fedha ya baadaye haitakinunua. Sahani huenda ikapatikana nakala yake mahali pengine duniani. Habari za nani aliyeisikiliza, na mkeka ulitandikwa wapi, hazina nakala.